Kusoma CT ya kichwa usiku kabla ripoti haijaja, mnaanzia wapi?

tabibu_wa_usiku (Moshi)

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Mimi ni daktari, intani nimemaliza juzijuzi, saivi niko kituo kimoja huku Moshi na zamu za usiku nyingi zinaniangukia mimi. Majeruhi wa bodaboda tunawapokea karibu kila wikiendi, wengi wanaokotwa barabara ya Arusha, kuanzia Boma Ng'ombe mpaka njia panda ya KIA, wakifika wanapelekwa CT ya kichwa (picha za mionzi za kichwa kipande kwa kipande), alafu filamu naletewa mimi mkononi na ripoti ya radiolojisti, daktari bingwa wa kusoma picha, inakuja asubuhi. Kuanzia muda huo mpaka asubuhi mgonjwa ni wangu, na ndugu zake wako kwenye benchi wananitazama machoni wanataka kujua tunalala hapa au tunakwenda rufaa.

Chuoni picha tulizoonyeshwa damu ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata asiyesoma udaktari anaiona. Huku kazini naletewa vipande vingi vya kijivu, kuna kinukta cheupe hapa, kuna weusi pale, sijui kipi ni ugonjwa na kipi ndo mtu alivyoumbwa. Nauliza hivi: mnaanzia wapi na mnamalizia wapi? Damu na chokaa mnazitofautishaje? Na picha ikiwa safi naweza kumruhusu mtu akalale kwake? Sitafuti majina ya vitabu, niambieni mnachofanya nyie wenyewe mkishika filamu.

kijana_wa_pasua

Mkuu pole na kazi. Mimi msimamo wangu ni kwamba CT ni ya radiolojisti, watu wamekaa darasani miaka kuijua. Ukiandika kwenye faili "hamna damu" na damu ipo, kesho utasema nini? Mpigie simu, msubiri, wewe mwangalie mgonjwa.

Dkt_Njiro (Arusha)

Kijana wa Pasua nakuheshimu ila hapo sikuungi mkono. Mwenye damu ya ekstradura, yani iliyovuja kati ya fuvu na dura (utando mgumu wa nje wa ubongo), anaweza kukuongelesha vizuri saa nne usiku, saa sita mboni moja imepanuka na hajibu tena. Ripoti ya asubuhi haitamsaidia huyo. Tabibu haombi kuandika ripoti, anaomba kujua mambo machache yanayobadilisha kinachofanyika usiku huu, yani je kuna damu, je ubongo umesukumwa, je nafasi imebaki ndani ya fuvu, je njia ya majimaji ya ubongo imeziba, je mfupa umevunjika. Simu kwa radiolojisti apige, tena mapema, lakini akipiga awe na kitu cha kumwambia.

Tabibu, mfuatano wangu ni mmoja na siubadilishi hata kama tatizo nimeliona kwenye slaisi (kipande cha picha) ya kwanza, maana ukishaona damu kubwa kushoto macho yanagoma kutafuta ufa mdogo kulia. Kwanza jina, tarehe na saa. Watu wawili wa pikipiki moja wanaletwa pamoja, filamu zinabadilishana, nimeliona hilo kwa macho. Baada ya hapo naenda damu, sisterna (vidimbwi vya majimaji kwenye kitako cha ubongo), ubongo wenyewe, ventrikali (vyumba vya majimaji ndani ya ubongo), mfupa.

Damu mbichi ni nyeupe kuliko ubongo ila sio nyeupe kama mfupa. Kipimo chake ni yuniti za Hounsfield: maji ni 0, hewa ni hasi 1000, mafuta yako chini ya sifuri, majimaji ya ubongo yako kati ya 0 na 15, sehemu nyeupe ya ubongo kama 20 mpaka 30, sehemu ya kijivu kama 35 mpaka 45, damu iliyoganda 50 mpaka 80 hivi, mfupa unakwenda mamia mpaka kupita 1000. Usishangae sehemu ya kijivu kuwa ang'avu kuliko sehemu nyeupe, ile nyeupe ina mafuta mengi kwenye nyuzi zake ndo maana kwenye CT inatoka nyeusi zaidi.

Damu ya ekstradura ina umbo la lenzi, imevimba kuelekea ndani, na kwa kawaida haivuki maungio ya fuvu sababu dura imeshikamana pale, mara nyingi ni ateri ya meninji ya kati imechanika chini ya ufa wa mfupa wa pembeni. Ya subdura, iliyo chini ya dura, ina umbo la mwezi mchanga, inavuka maungio bila shida ila haivuki falksi ya katikati (utando unaotenga ubongo kulia na kushoto), inaweza kutambaa pembeni ya falksi au juu ya tentoriamu (utando ulio juu ya ubongo mdogo wa nyuma) na hapo ndo watu wanaipita. Ya subaraknoidi, iliyo juu ya uso wa ubongo wenyewe, inaingia kwenye mifereji na sisterna, zile sehemu zinazotakiwa kuwa nyeusi unazikuta nyeupe. Ya ndani ya ubongo kwa mtu wa presha inapenda putameni, talamasi, ponsi na serebelamu, kwa majeruhi inapenda sehemu za mbele chini na ncha za temporo, na usiangalie upande uliogongwa tu, angalia na upande wa pili maana ubongo unarudi kugonga huko.

Sisterna ndo sehemu ninayokaa muda mrefu kuliko zote na ndo sehemu ambayo vijana wengi wanairuka. Juu ya sela (kishimo cha mfupa katikati ya kitako cha fuvu) kuna nafasi nyeusi yenye umbo la nyota, na ubongo wa kati umezungukwa na majimaji pande zote. Ukiona nyota imekatika mkono mmoja, au weusi unaozunguka ubongo wa kati umepungua upande mmoja, jua ankasi (ncha ya ndani ya ubongo wa pembeni) inaanza kushuka. Ukiona hakuna weusi kabisa, hapo nafasi imeisha, usisubiri mboni ikuthibitishie. Mtu anaweza kuwa na damu ya saizi ya kati na sisterna ziko wazi, ukawa na saa kadhaa za kupanga gari la rufaa kwa utulivu, na mwingine damu yake nyembamba lakini ubongo umevimba sisterna hazipo, huyu wa pili ndo atatangulia kuharibika.

Ubongo wenyewe nalinganisha kulia na kushoto slaisi kwa slaisi. Napima mstari wa katikati umehama milimita ngapi, nachora mstari kutoka mfupa wa mbele mpaka wa nyuma na kupima septamu, ukuta wa katikati ya ventrikali, iko mbali kiasi gani. Ventrikali naangalia pembe za temporo, kwa kijana zinatakiwa zionekane kwa shida, zikiwa zimepanuka na mifereji ya juu imebanwa hiyo ni haidrosefalasi, yani majimaji yamejaa ubongoni. Mzee ambaye ventrikali zake kubwa na mifereji yake nayo ni mikubwa, huyo ubongo umesinyaa tu kwa umri. Mfupa naumalizia kwenye windo yake (mpangilio wa weupe na weusi wa picha), na nikiona hewa ndani ya fuvu au majimaji ndani ya sinasi ya sfenoidi (chumba cha hewa nyuma ya pua) nashuku kuna ufa kwenye kitako cha fuvu hata kama ufa wenyewe siuoni.

dada_wa_mionzi (Moshi)

Dokta wa Njiro ahsante kwa darasa. Mimi ni mtaalamu wa mionzi, niko upande wa pili wa kioo, naongezea ya upande wetu maana madaktari wengi wanaangalia filamu bila kuongea na sisi tuliopiga.

La kwanza, picha inatazamwa kama umesimama miguuni kwa mgonjwa unatazama juu, kwa hiyo kushoto kwa filamu ni kulia kwa mgonjwa. Tafuta alama ya R au L kabla hujasema upande. Mtu wa kutobolewa fuvu hutakiwi kubahatisha hapo.

La pili ni windo. Mashine inapima ngazi maelfu za weupe na weusi ila jicho haliwezi kuzitofautisha zote, ndo maana tunachagua kipande cha kuonyesha. Windo ya ubongo ina upana wa 80 na kitovu cha 40, nzuri kwa ubongo, lakini damu nyembamba iliyolala kando ya mfupa inapotelea kwenye weupe wa mfupa. Njoo uniambie "dada nifungulie windo ya subdura", naweka upana wa 200 hivi na kitovu cha 75, ile damu inajitenga na mfupa mbele ya macho yako. Mfupa ni upana wa 2000 na kuendelea. Kwa kiharusi naibana mpaka 40 kwa 40 ili tofauti ndogo ionekane. Haya yote hayaongezi mionzi hata kidogo, picha ni ileile imeshapigwa, kwa hiyo usiogope kutuomba hata saa nane usiku. Kama una nafasi acha filamu njoo kwenye skrini, filamu tunachapisha slaisi chache na windo moja au mbili tu.

Swali lako la chokaa na damu: kwenye skrini weka duara juu ya weupe usome namba, damu iliyoganda haipiti 100, chokaa inapita. Kama unayo filamu tu, tazama kitu hichohicho kwenye windo ya mfupa, damu inafifia na chokaa inabaki inang'aa. Alafu kuna chokaa za kawaida, tezi ya pinea katikati, pleksasi koroidi ndani ya ventrikali pande zote mbili, na kwa watu wazima basal ganglia (viini vya ndani ya ubongo) kulia na kushoto zikilingana. Tezi ya pinea usiitibu.

La tatu, kichwa kikilazwa upande picha inatoka haijalingana, ventrikali moja inaonekana kubwa kuliko nyingine na wewe unaona ugonjwa. Angalia macho na masikio kwenye slaisi za chini, yakitokea pamoja kulia na kushoto kichwa kilinyooka. Na mgonjwa aliyekuwa anahangaika anaacha michirizi. Michirizi myeusi na myeupe kati ya mifupa ya masikio ipo kwa kila mtu, inatokana na mfupa mnene, ndo sababu CT haioni vizuri shina la ubongo na serebelamu.

Kuhusu mionzi kwa ndugu wanaoogopa, CT ya kichwa ni kama milisiviati 2, chini kidogo ya ile ambayo binadamu anapata kwa mwaka mzima kutoka ardhini na angani. Kwa mwenye dalili haitakiwi kuwa sababu ya kukataa, kwa mtoto aliyeanguka kitandani anacheza na kula vizuri hiyo ni habari nyingine.

Na niseme hili maana huwa linanifurahisha. Mgonjwa wa kwanza duniani kupigwa CT ya kichwa ilikuwa Oktoba 1971 hospitali ya Atkinson Morley kule London, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, na mwaka huohuo 1971 ndo hospitali ya KCMC hapa Moshi ilifunguliwa. Hesabu za kutengeneza picha zilifikiriwa pia na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuziwaza akiwa kwenye kazi ya mionzi hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wote wawili walipewa Nobel 1979. Picha ile ya kwanza ilikuwa na vinukta 80 kwa 80 tu na bado uvimbe wa yule mama ulionekana, saivi slaisi moja ya kawaida ina vinukta 512 kwa 512, tusizitazame kwa haraka.

tabibu_wa_usiku (Moshi)

Dada nashukuru mno, na wewe Dkt Njiro, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Niongeze swali la wazee. Analetwa babu, ndugu wanasema amebadilika tu, anasahau, mguu mmoja unaburuta, kuanguka kwenyewe ni kwa zamani hata hawakumbuki vizuri. CT ukiitazama hakuna cheupe popote. Na yule anayeletwa mdomo umepinda tangu asubuhi, CT safi, nimpe aspirini au nisimpe?

nyuro_kaskazini

Tabibu hayo maswali mawili ni mazuri sana, nijibu la babu kwanza kwa sababu ndo linalotibika kabisa watu wakiliona.

Damu haibaki nyeupe. Siku za mwanzo ni nyeupe, wiki ya kwanza kwenda ya tatu inafifia mpaka inafanana rangi na ubongo, baada ya hapo inakuwa nyeusi kuelekea maji. Katikati hapo ndo mtego ulipo, damu ipo na wewe huioni kwa sababu iko rangi moja na jirani yake. Usitafute rangi, tafuta kilichosukumwa. Fuata mifereji ya ubongo mpaka nje, kwa mtu wa kawaida inafika karibu na mfupa, ukiona imeishia mbali na mfupa upande mmoja kuna kitu kimekaa hapo. Fuata mpaka kati ya sehemu ya kijivu na nyeupe, ukiona umesogea ndani hali ni hiyohiyo. Babu wa miaka themanini akiwa na ubongo uliojaa vizuri hauna mifereji, usifurahi, jiulize mifereji imekwenda wapi. Na ikiwa damu ipo pande zote mbili mstari wa katikati hauhami kabisa, zimesukumana zikalingana, ventrikali tu ndo zinaonekana nyembamba kuliko umri wake. Mzee wa aina hii anatobolewa matundu, damu inamwagika, na wengi wanatembea tena.

Kuna jambo jingine ambalo kwa wagonjwa wetu ni la kweli sana. Weupe wa damu unatokana na hemoglobini. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, hemoglobini gramu 8 kushuka chini, hata damu ya leo asubuhi inaweza isiwe nyeupe. Kwa hiyo majibu ya hemoglobini yawe mkononi unapotazama CT.

Kiharusi sasa. CT ya saa za mwanzo inapigwa kuondoa damu, sio kuthibitisha kuziba. Kuwa safi ni kawaida kabisa na haimaanishi hana kiharusi, mdomo na mkono wake ndo vinakwambia anacho. Ukiwa na jicho utaona mambo ya mapema: ateri ya kati ya ubongo ikiwa nyeupe kama uzi kwa sababu kuna bonge limekaa ndani, utepe wa insula (gamba la ubongo lililojificha pembeni) kupotea, mipaka ya nyuklia ya lentifomu (kiini cha ndani ya ubongo) kufutika, mifereji kubanwa upande mmoja. Ukiwa na dawa ya kuyeyusha damu na mgonjwa yuko ndani ya saa nne na nusu tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, kila dakika ina thamani, piga simu mara moja. Kama hupati hiyo dawa na CT haina damu, aspirini inaanza, baada ya kupima kama anameza vizuri. Bila CT mimi aspirini kwa kiharusi cha ghafla chenye presha ya juu na kutapika sitoi, kwa macho huwezi kutenganisha kilichoziba na kilichopasuka, hakuna daktari anayeweza hilo kwa uhakika.

Kuhusu kichwa kilichouma ghafla kuliko maisha yote: mashine ya kisasa ikipigwa ndani ya saa 6 na kusomwa na mjuzi, damu ya subaraknoidi haipiti kirahisi. Akija siku ya tatu CT safi haitoshi, hapo maji ya uti wa mgongo yanatakiwa kupimwa.

Mmbulu_A_town

Naomba kuongeza la chokaa maana dada ametaja zile za kawaida. Sisi wa ukanda wa Mbulu na Haydom tuna tatizo la tegu wa nguruwe kwenye ubongo, limefanyiwa utafiti sana kule. Akija mtu mzima wa maeneo ya kufuga nguruwe, kifafa kimeanza ukubwani, ukaona vinukta vyeupe vidogo vimetawanyika kwenye ubongo, visivyolingana kulia na kushoto, hizo ni funza zilizokufa zikageuka chokaa. Funza aliye hai ni kifuko cheusi chenye kinukta ndani, na anayekufa anazungukwa na weusi wa uvimbe na akiwekewa kontrasti (dawa ya kung'arisha picha) anatoka pete. Usimwambie mgonjwa "wewe unakula kitimoto kibichi". Anayepata vifuko kichwani ni aliyemeza mayai ya mnyoo kutoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anapata. Na dawa ya minyoo usiianzishe peke yako usiku, funza wakifa kwa pamoja ubongo unavimba.

Pete kwa mgonjwa wa VVU fikiria na toksoplazma (maambukizi ya kimelea) na kifua kikuu cha ubongo.

kijana_wa_pasua

Nimesoma yote, Dkt Njiro hoja yako nimeielewa na naipokea. Nilikuwa nawaza faili na mahakama, sikuwaza zile saa za katikati. Swali moja, sisi huku tunapokea na wapagazi na wageni wanaoshushwa mlima Kilimanjaro wamechanganyikiwa, hawa CT ni lazima?

Dkt_Njiro (Arusha)

Ahsante ndugu yangu. Wa mlimani aliyechanganyikiwa na anayumba akitembea, tiba yake ni kushushwa, oksijeni na deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe), na hivyo havisubiri CT. Akifika chini akaamka vizuri historia imetosha. Akifika chini na bado hajielewi, au alianguka, au upande mmoja umelegea, huyo CT haraka maana kiharusi na damu vinapanda mlima kama watu wengine, na mpagazi aliyeteleza na mzigo kambi ya Barafu asiitwe "altitude" (ugonjwa wa mwinuko) mpaka kichwa chake kitazamwe.

Tabibu swali lako la kuruhusu nyumbani limebaki. CT safi na GCS 15 (alama za fahamu, 15 ndo kamili), hatapiki, hatumii dawa za kuzuia damu kuganda, ana mtu mzima wa kulala naye na njia ya kurudi, mimi naruhusu na maelezo ya maandishi. CT safi na GCS 12 siruhusu hata kidogo, majeraha ya nyuzi za ubongo CT inaweza isiyaone, na kabla ya kusema amelewa pima sukari, oksijeni na malaria.

Na ukimpigia mpasuaji wa ubongo usianze na "nina CT mbaya". Sema umri, alivyoumia, GCS alipofika na GCS ya saivi, mboni zote mbili, kisha damu ya aina gani, upande gani, unene milimita ngapi, mstari wa katikati umehama ngapi, sisterna ziko wazi au hazipo. Subdura yenye unene wa kupita milimita 10 au kuhama kupita milimita 5, na ekstradura inayopita mililita 30, hizo ni za upasuaji hata kama mgonjwa anaongea. Mililita unazipata kwa kuzidisha urefu, upana na kina kwa sentimita ukagawa kwa mbili. Alafu taja saa picha ilipopigwa, na kama GCS imeshuka pointi mbili tangu hapo mwambie hivyo na umrudishe mgonjwa kwenye mashine, usibishane na picha ya saa tatu zilizopita.